Piezo ya jero: miezi nane ya kusikiliza mabati, mbuzi ya nazi na bahari

Wakuu salama. Naandika hii kwasababu kila nikitoa vidubwasha vyangu mtu ananiuliza "hiyo maiki umeagiza wapi", nikimwambia Kariakoo jero moja anaona namzuga tu sitaki kusema. Simzugi mtu bana. Nimetumia hivi vitu miezi nane sasa, nimeunguza vingine, vingine nimevizamisha baharini, kwahiyo leo naviongelea vyote, vizuri na vibovu.

Kwa asiyejua, piezo ni kale kasahani kembamba ka rangi ya dhahabu, katikati kana duara jeupe. Kamo ndani ya saa za kengele, toi za watoto, zile kadi za besdei zinazoimba ukizifungua, hata maikrowevu ikilia pii pii mara nyingi ni kenyewe. Kiwandani kametengenezwa kapige kelele, basi. Ila kanafanya kazi pande zote mbili, ukikapa umeme kanatikisika, ukikatikisa kanatoa umeme. Hii kitu waliigundua Pierre Curie na kaka yake Jacques huko Ufaransa mwaka 1880, na wewe mwenyewe unaitumia kila asubuhi ukiwasha jiko la gesi kwa kile kiberiti cha kubonyeza kinachofanya ta! ta!, ule mcheche unaouona ni piezo imegongwa.

Sasa ukikabandika kwenye kitu, ukaunganisha waya ukapeleka kwenye ampu, yaani mashine ya kukuza sauti, umepata maiki. Ila sio maiki ya kuongelea. Hewa haiisikii kabisa, ukiimba mbele yake utakauka koo, yenyewe inasikia kile kitu ilichobandikwa kinavyotetemeka. Kwaruza meza kwa kucha ni trekta linaburuta jiwe. Mchwa kwenye mbao unawasikia, sitanii, mlango wetu wa uani una mchwa na nimewarekodi dakika 20 wakila mali ya mama mwenye nyumba.

Za kwanza nilinunua kumi kwa mpigo, saizi ya milimita 27. Kuna za 20 na za 35 pia, nimejaribu zote, mi naona hiyo ya 27 ndo inakaa vizuri karibu kila mahali, ya 35 inapokea vizuri sauti nzito ila ni pana na ukiibandika kwenye kitu chenye mzingo inapasuka. Zipo zinazouzwa zikiwa na waya wake mwekundu na mweusi na zipo tupu. CHUKUA ZENYE WAYA. Mi nilijifanya fundi nikachukua tupu maana zilikuwa nafuu kidogo, nikaanza kuchomelea waya mwenyewe kwa risasi ya mafundi redio, ile sehemu ya dhahabu haina shida ila ile nyeupe katikati ina ngozi nyembamba ya fedha juu yake, ukikaza moto sekunde nne tano inabanduka na risasi yako yote, umebaki na kifungo cha shati. Katika kumi niliua tatu. Gusa sekunde moja mbili toa, af funika kiungio na gundi ya bunduki maana vile viwaya vinakatika hata ukivitazama vibaya.

Haya nikamaliza, nikaunganisha jeki, nikabandika ukutani kwenye bati la banda la kuku kwa nje, nikachomeka kwenye tundu la maiki la kompyuta, nikakaa kusubiri mvua kama mkulima. Mvua ikaja. Nilichosikia ni mbu. Yaani mvua ya masika juu ya bati, ile ambayo mkiwa ndani lazima mpige kelele ndo msikilizane, kwenye kompyuta ilikuwa inalia tsi tsi tsi kama mtu anakaanga dagaa mmoja. Nikasema nimepigwa, hizi feki.

Hazikuwa feki. Hapa ndo watu wengi wanaishia na kutupa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo mnivumilie wale msiopenda mahesabu. Piezo kwa ndani ni kama kapasita ndogo, kile kidude cha kutunza umeme kidogo, hii ya milimita 27 ina kama nanofaradi 20. Tundu la maiki la kompyuta limetengenezwa kwa maiki za kawaida, upinzani wake ni mdogo, tuseme kilo-omu 10 au chini ya hapo. Ukiweka kapasita ndogo mbele ya mlango wa namna hiyo (mlango ni pale sauti inapoingilia) sauti nzito zinavujia pale pale, kwa hizo namba kila kilicho chini ya hezi 800 (mitetemo 800 kwa sekunde) kinaanza kuondoka, yaani besi yote, ngoma yote, sauti ya mwanaume karibu yote, unabaki na mbu. Mlango ukiwa na upinzani wa megaomu 1 huo mpaka unashuka mpaka kama hezi 8, sauti ambayo hata sikio lako haliijui. Piezo ile ile, bati lile lile, mvua ile ile.

Kwahiyo unahitaji kitu cha kukaa katikati, bafa, yaani kasakiti kadogo kenye mlango wa upinzani mkubwa kanakopokea piezo af kanapeleka sauti mbele. Kama kanisani kwenu kuna ampu ya gitaa chomeka humo kwanza ujaribu, zile milango yake ni ya megaomu 1 tayari, utashangaa. Mi sina gitaa wala sina ampu ya gitaa, nikaenda kutafuta chipu ya TL072 nijitengenezee bafa. Muuzaji akanipa 4558. Nikamwambia hii siyo. Akaniambia "hii hii tu kaka, miguu si ni minane?" Ni kweli miguu ni minane na inakaa pale pale, na kweli ilifanya kazi, ila kwa kazi hii ilikuwa na mvumo kwa chini kama mtu anamimina mchanga, maana mlango wa TL072 ni wa FET, aina ya transista yenye upinzani mkubwa sana, na wa hiyo nyingine sio. Siku nyingine duka jingine nikapata yenyewe, nikaweka ripusi ya megaomu 1 mlangoni... samahani, rezista, fundi wetu hapa mtaani anaziita ripusi sijui alitoa wapi na mimi ameniambukiza. Rezista, kapasita mbili, betri ya volti 9, kopo la peremende kama nyumba yake. Jumla haikufika elfu tano. Weka na diodi mbili ndogo mlangoni kama utakuwa unagonga gonga vitu, piezo ikipigwa kwa nguvu inaweza kutema volti nyingi tu na chipu haina mazoea hayo.

Mvua iliyofuata nilikaa chini ya meza na hedifoni nikacheka peke yangu. Kila tone lilikuwa na saizi yake. Bati halilii moja, pale kwenye msumari linalia ting, katikati ya mbao na mbao linalia dum, na mvua ikikata kuna yale matone ya mwisho mwisho yanayotoka kwenye muembe, yanachelewa, unakaa unayasubiri, unadhani imeisha, DUM.

Kero ya pili ni mngurumo wa umeme. Umeme wetu ni hezi 50 na piezo na waya wake ni antena nzuri mno ya kuudaka, ukiweka mkono karibu nguuuuu. Usitumie waya wa kengele kama mimi mwanzo. Tafuta zile nyaya za zamani za deki na king'amuzi, zile zenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, ndani zina waya mmoja katikati na wavu umeuzunguka, ule wavu ndo unazuia. Kila nyumba Dar ina hizi nyaya kwenye mfuko wa Rambo nyuma ya kabati na hakuna anayejua kwanini hazitupwi. Upande wa dhahabu wa piezo unaenda kwenye wavu, katikati kunaenda kwenye nyeupe, af funika upande mweupe na selotepu na juu yake foili ya jikoni iliyounganishwa na ule wavu. Mngurumo unabaki kidogo sana. Ukishika bomba la maji unaisha kabisa lakini huwezi kurekodi maisha yako yote umeshika bomba.

Kulinganisha tu, niliagiza pia ile ya kubana iliyotengenezwa tayari, ya kubana kwenye gitaa, jina silitaji. Elfu 35 na usafiri juu. Ilichukua wiki tano kufika. Nikaifungua wiki ya pili ilipoanza kukwaruza, ndani kuna nini? Piezo ya milimita 27, imegundishwa na gundi ya moto kama yangu, waya haujazungushiwa kitu chochote, na jeki ambayo ukiigeuza kulia inasikika ukiigeuza kushoto kimya. Niliumia moyo aisee, sio hela, ni zile wiki tano.

Kubandika nako ni nusu ya kazi na hakuna anayekwambia. Bigijii iliyotafunwa inashika ila inameza sauti kali. Selotepu inaachia kwenye joto. Vibanio vya nguo viko poa kwa vitu vyembamba, sahani, majani ya mgomba, masikio ya sufuria. Supaglu ndo inatoa sauti safi kuliko zote ila hapo mmeoana. Mi sasa hivi natumia kijiwe kidogo cha udongo wa watoto wa kuchezea, nakikandamiza mpaka kibaki chembamba kabisa, na napitisha raba ya kufungia hela juu. Ikiwa legelege inatetemeka yenyewe na unasikia mkwaruzo wake badala ya kitu chenyewe, sauti ikiwa chafu angalia hapo kwanza kabla hujalaumu chipu.

Mama mwenye nyumba alikuwa ananiangalia tu siku zote hizi. Jumapili moja ananikuta nimelala chini uani nabana piezo chini ya mbuzi yake ya nazi, chini ya ule ubao wa kukalia, karibu na mzizi wa ule ulimi wa chuma. "Mwanangu unaagua au?" Nikamwambia hapana mama, wewe kuna nazi zako tu kama kawaida. Akakaa akaanza. Nikamvisha hedifoni juu ya mtandio. Akasimama mkono hewani.

"Hiki nini?"

"Ni nazi mama."

Akakuna mara moja. Akasimama. Akakuna mara mbili. Kwenye hedifoni ukisikiliza vizuri lile jino la mbuzi halikuni tu, linaruka ruka kwenye nyama ya nazi, krrrak krrrak, na kifuu kinaitikia kwa nyuma kama kengele ya mbao, na kadri nyama inavyoisha sauti ya kifuu inapanda. Yeye alikijua hicho kabla yangu, maana alifika chini kabisa, karibu na gome, ambako mpishi mzuri hafiki kwasababu tui linakuwa na weusi, na akawa anakuna pale pale taratibu kwa ajili ya sauti tu. Nazi mbili zilienda hivyo. Tulikula wali wa nazi wenye madoa doa siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Sasa kuna wanaosema huu sio muziki, ni fujo, na ni mambo ya wazungu waliokosa kazi. Nani alianza kutengeneza muziki kwa sauti za kurekodi inategemea unamuuliza nani. Vitabu vingi vinaanzia Paris 1948, fundi wa redio Pierre Schaeffer na milio yake ya treni na masufuria. Lakini 1944, Cairo, kijana wa Kimisri anaitwa Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia, zile za zamani zilizokuwa zinarekodi kwenye waya wa chuma, akaenda nayo kwenye zaar. Zaar ni nini? Ni kupunga pepo. Watu wa Pwani hii kitu hamhitaji kuelezwa, ni ndugu wa ngoma zetu za kupungia mashetani. Akarekodi wale akina mama wakiimba, akaenda nayo studio ya redio, akachezea mwangwi, akaondoa sauti za msingi akaacha zile nyembamba za juu yake, mpaka maneno yakapotea ukabaki mvumo. Miaka minne kabla ya Paris. Kwahiyo mama mwenye nyumba aliposema naagua hakuwa mbali sana.

Na kwenye hii habari ya kutengeneza maiki kwa makapi, majirani zetu wa Kinshasa walishamaliza. Mawangu Mingiedi alianzisha bendi ya Konono N°1 miaka ya 60 kwasababu likembe, kile kinanda cha vyuma vya kupiga kwa vidole gumba ambacho Wagogo wanakiita ilimba, kilikuwa hakisikiki kwenye mji wenye kelele. Akachukua sumaku kwenye vipuri vya magari mabovu akatengeneza maiki zake, spika zenyewe ni zile tarumbeta za matangazo. Ule mkwaruzo mkubwa uliotokea haukupangwa, ni vifaa vilikuwa vinalemewa, na wao wakaupenda wakaubakiza, mpaka 2004 albamu yao ikaenda Ulaya na wazungu wa elektroniki wakachanganyikiwa wakadhani wametafuta ule mlio makusudi. Mwenyewe alifariki 2015. Yeye alitumia sumaku na sio piezo, ila akili ni ile ile.

Hiyo ndo ilinipa wazo la tranka. Nina tranka langu la bweni tangu fomu wani, la bluu, jina langu bado liko kwa rangi nyeupe. Nikatoboa mfuniko nikafunga spoku za baiskeli tisa za urefu tofauti, zimelazwa kama ilimba, springi moja ya kitanda kwa ndani imevutwa kona mpaka kona, vijiti viwili vya mishikaki, na piezo mbili, moja chini ya spoku na moja kwenye kona ya chini ya springi. Ukigonga spoku inalia, sauti inaingia tranka zima, springi inaidaka inairudisha imechelewa kama uko ndani ya tenki la maji la Simtank. Hii ni kitu bora kabisa niliyotengeneza maishani na mke wangu mtarajiwa anajua nimesema hivyo.

Kwa kuipigia nje nilitengeneza ampu ndogo ya LM386. Chipu ya miguu minane, inakula volti 4 mpaka 12, ukiiacha hivi hivi inakuza mara 20, ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 inakuza mara 200. Ukweli wangu: ni chipu ya uswahilini kabisa, rahisi, inapatikana, ina kelele, inapiga kwikwi. Kwa volti 6 haifiki hata nusu wati kwahiyo usitegemee kumsumbua jirani, labda umzidi redio ya mlinzi. Betri ya mraba ya volti 9 inaisha haraka mno na zile za bei nafuu ni nusu saa tu, nilihamia betri nne za kawaida za kidoli na inakaa siku nzima. Pawabenki nilijaribu, inaingiza kimluzi chembamba chake ambacho hakiondoki, labda ukipende. Kwa kazi safi hii LM386 hapana, kwa tranka ndiyo, maana ukiweka spika yake juu ya mfuniko piezo inasikia spika, spika inasikia piezo, vinaanza kulishana na tranka linaimba lenyewe, ule mluzi ambao fundi mitambo wa kanisani anaukimbilia kuuzima, ila hapa ukibonyeza spoku au ukifungua mfuniko kidogo mluzi unabadilika noti. Vijana wa mtaani wameliita "nyambizi". Kuna mmoja mdogo, miaka kama tisa hivi, anajua kulituliza kwa kulilalia shavu, mi mwenyewe siwezi. Wale wakubwa walitaka niliunganishe na biti ya singeli, tukafanya, kwa ile spidi ya singeli spoku ziliachia mbili.

Bahari sasa. Hii nitaeleza yote maana ndo ilinigharimu.

Unaweza kufanya piezo ikasikia chini ya maji, kinachotakiwa ni kuifunika isiguswe na maji. Ya kwanza niliipaka rangi ya kucha mikono miwili kama wanavyoshauri, nikasema imetosha. Maji ya bomba ndani ya ndoo, poa, sauti ya barafu ikiyeyuka ni tamu ajabu. Nikaenda nayo Kunduchi kifua mbele. Dakika kumi tu ndani ya maji chumvi, kwikwi, mkwaruzo, kimya. Chumvi haina adabu, tundu dogo kama la sindano linatosha. Ya pili nilipaka rangi ya kucha mikono mitatu, nikaiweka ndani ya kifuniko cha chupa ya maji, nikajaza silikoni ya mafundi vioo, nikaiacha siku mbili ikauke, waya mita sita, nati moja kubwa kama chubwi. Hiyo ipo mpaka leo.

Nikapanda na mzee mmoja mwenye ngalawa, nimemlipa kama abiria wa kawaida, nikamuomba tukifika pale maji meusi kidogo karibu na miamba asipige kasia wala asisogee. Nikashusha. Hedifoni: kwanza maji yanagonga ubao, glop, glop, na waya unasuguana na ukingo wa ngalawa, hilo ni kosa langu ningefunga kitambaa. Halafu nyuma yake, kila mahali, mbali na karibu, mlio mmoja mfululizo kama mafuta ya moto yamemwagiwa maji. Cha-cha-cha-cha haukomi. Nikajua silikoni imevuja tena. Nikapandisha, nikafuta, kimya. Nikashusha, kikaango. Nikamvalisha mzee.

Akasikiliza muda mrefu, macho kwenye maji. "Nani anakaanga huko?" Nikamwambia ni kamba wadogo, wapo aina wana gando moja kubwa, wanalifyatua kwa kasi mpaka kinatokea kipovu, na kipovu kikipasuka ndo huo mlio, maelfu kwa maelfu kwa pamoja. Akanitazama. "Hao tunawajua, ukilala kichwa chini kwenye mbao usiku unawasikia. Ila sikujua wapo wengi hivi." Hakunirudishia hedifoni mpaka tumefika nchi kavu, kasia anapiga na waya unaning'inia, na mi sikuwa na ujasiri wa kumdai. Rekodi ya dakika 40 za mwisho ni kasia tupu. Ndo naipenda kuliko zote.

Kurekodia: simu inafaa kuanzia ila programu nyingi za kurekodia sauti kwenye simu zimetengenezwa kwa ajili ya kuongea, zinafuta kila kinachoonekana ni kelele, na wewe kelele ndo bidhaa yako, kwahiyo tafuta ambayo ina sehemu ya kuzima huo usafishaji na hifadhi kwa WAV, aina ya faili ambayo haibani sauti. Nyumbani natumia Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ya bure, inatosha kabisa, punguza spidi ya mchwa mara nne utasikia ng'ombe. Rafiki yangu aliniazima Zoom H1n wiki mbili, hiki ni kinasa cha mkononi kinaingia betri mbili ndogo, ni kizuri sana kwa sauti za hewani, soko, adhana mbili tatu zinazopishana alfajiri, zile haziwezekani kwa piezo hata uililie. Lakini kuchomeka piezo moja kwa moja kwenye tundu lake ni mbu wale wale, bafa inabaki pale pale. Wanaotaka kuanza na kinasa cha laki kadhaa kabla ya kutengeneza bafa ya elfu tano, hela yenu, mi nimesema.

Maksi zangu sasa maana najua kuna watu wamerukia hapa. Piezo yenyewe ya milimita 27 yenye waya, tisa kwa kumi, moja nimekata kwasababu inapasuka na kwasababu kila duka lina bei yake, jero sehemu moja, buku na nusu mlango wa tatu kutoka hapo. TL072 ikiwa ya kweli, kumi. 4558 ukiuziwa kwa jina la TL072, sifuri na laana. LM386, sita, nane ukiwa na tranka. Ile ya kubana ya elfu 35, mbili, na hizo mbili ni za kibanio, bado nakitumia kubania mfuko wa sukari. Rangi ya kucha peke yake baharini, sifuri. Hedifoni usibane hela sana, za buku tano zinakunyima ile chini yote uliyohangaikia.

Na kitu kimoja kwa usalama, hivi vyote nilivyotengeneza ni vya betri. Kuna mtu kaniambia amebandika piezo kwenye mita ya umeme asikie inavyovuma. Usibandike chochote chenye waya wa hedifoni kichwani mwako kwenye kitu chenye umeme wa ukutani, friji la mangi libandike kwa nje kwenye rangi, ukiwa umevaa ndala, na mangi awe amekubali.

Ninachotafuta saa hizi ni jeki kubwa za gitaa za chuma, za kike, hizi za plastiki ninazozipata zinaachia kila baada ya mwezi na tranka lina mbili. Mwenye kujua duka aniambie, hata kama ni Gerezani nyuma nyuma huko nitafika, ila asinitume kwa yule wa miguu minane.